Nyumba ikiungua: cha kuokoa, cha kusafisha na cha kuacha

Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi katika kaunti ndogo ya Petta, wilayani Tororo, huteketea kabla jerikani ya pili ya maji haijafika kutoka kisimani. Chanzo huwa ni kile kinachojulikana na kila mtu: tadooba iliyoangushwa na mtoto, mshumaa uliosahauliwa, jiko lililoachwa na kaa moja hai, simu iliyochajiwa usiku kucha juu ya godoro. Kuelekea Busia na Malaba huongezeka petroli ya magendo iliyofichwa chumbani. Asubuhi majirani hufika na majembe, nguo kuukuu na sufuria ya uji, na kuta huanza kuinuliwa tena kabla ya majivu kupoa vizuri.

Hata hivyo, mali nyingi iliyonusurika usiku hupotea asubuhi hiyo hiyo, mikononi mwa watu wema waliokuja kusaidia. Karatasi hukunjuliwa upesi zikavunjika. Nguo husuguliwa kabla ya kukung'utwa. Gunia la mahindi hubebwa kwa shangwe hadi kwa jirani, ilhali lilipaswa kuzikwa. Makala haya yanaeleza mambo ya kufanya katika siku za mwanzo baada ya moto, yakizingatia nyumba na vyombo vilivyo kawaida mashariki mwa Uganda na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya.

Kabla ya kuingia

Majivu yanayoonekana baridi juu huweza kuficha makaa kwa siku nzima, hasa pale nyasi za paa zilipoanguka kwa pamoja na kulala kama blanketi. Ni vema kusubiri mpaka siku inayofuata, kisha kupekua taratibu kwa jembe lenye mpini mrefu na maji yakiwa karibu. Ukuta wa udongo uliomwagiwa maji mengi usiku haupaswi kuegemewa: sehemu iliyochomwa na moto huwa ngumu kama tofali, lakini sehemu iliyolowa bila kuiva hubomoka ghafla. Penye umeme, hakuna anayepaswa kugusa waya wowote kabla fundi wa UEDCL, kampuni iliyochukua nafasi ya Umeme mwaka 2025, hajaukata kwenye nguzo. Upande wa Kenya kazi hiyo ni ya Kenya Power.

Palipokuwa na petroli pana hatari ya pekee. Sakafu ya udongo hunywa mafuta, na mvuke wake hutambaa chini na kukaa mashimoni. Mtu akisikia harufu hiyo asiwashe kiberiti wala kupika hapo, hata kama moto umekwisha siku mbili zilizopita. Nguo zilizolowa petroli zianikwe nje, mbali na jiko na nyumba za jirani, hadi harufu iishe kabisa ndipo zifikiriwe kufuliwa. Si sahihi kuzifulia penye kisima au kijito.

Wanaopekua wavae viatu vigumu, kwa kuwa misumari ya mabati na ya kenchi hubaki imelala ncha juu. Mikono ifunikwe. Wasio na glavu huweza kuvaa mifuko ya plastiki miwili miwili. Kitambaa puani hupunguza vumbi, ingawa hakizuii moshi wala chembe ndogo zaidi. Watoto wakae mbali, jambo ambalo ni gumu, maana mtoto hutaka kutafuta daftari na mpira wake. Majivu ya nyumba ya leo si ya nyasi na miti peke yake. Ndani yake mna rangi, plastiki, betri na nyaya, na risasi inayobaki humo huwadhuru watoto wadogo kuliko watu wazima.

Kwa sababu hiyo hiyo majivu haya yasiingie jikoni kwa njia yoyote. Wapishi wengi wa mashariki na kaskazini mwa Uganda huchuja majivu ya mimea ili kupata magadi ya kulainisha mboga na maharage, na wengine husugulia sufuria kwa majivu. Majivu ya jiko yanafaa kwa kazi hizo. Majivu ya nyumba iliyoungua hayafai, na yakichanganyika na maji huchubua ngozi. Yafukiwe mbali na kisima. Mwenye tangi la maji ya mvua aondoe bomba linaloingia tangini mpaka mvua kadhaa ziwe zimesafisha paa na mifereji.

Jambo moja husahaulika kwa sababu halionekani miongoni mwa mabaki. Tororo ni miongoni mwa maeneo ya Uganda ambayo yamesumbuliwa sana na malaria kwa miaka mingi, na familia iliyopoteza nyumba hulala usiku wa kwanza nje au kwenye sebule ya watu, bila chandarua. Chandarua kilichonusurika ndani ya moshi mara nyingi kimetoboka kwa cheche hata kama kinaonekana kizima, hivyo kikaguliwe kikiwa kimeinuliwa juani. Jirani anayeuliza alete nini alete chandarua kabla ya blanketi.

Dawa zilizokuwa ndani ya nyumba zisitumiwe tena, kwa kuwa joto huziharibu bila kubadili sura yake. Anayetumia dawa za kila siku, kama za virusi vya ukimwi, kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu, aende kituo cha afya siku ileile, hata kama kadi yake imeungua. Jina lake limo katika daftari la kituo, na dozi zilizorukwa ni hasara kubwa kuliko kitanda.

Karatasi kabla ya vyombo

Wengi huanza na sufuria kwa sababu zinaonekana. Ilifaa kuanza na sanduku la karatasi. Sufuria hununuliwa sokoni, lakini karatasi fulani hazinunuliwi popote.

Karatasi yenye uzito kuliko zote vijijini ni mkataba wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua njia nne za kumiliki ardhi nchini Uganda, na mojawapo ni umiliki wa kimila. Katika vijiji kama vya Petta, aliyenunua shamba kwa kawaida hana hati ya serikali. Ana ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa kalamu ya wino, ukiwa na majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi, alama za vidole gumba na muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Ukurasa huo ukiungua ardhi haiungui, lakini ushahidi umekwenda, na habari za kuungua kwake huenea haraka kuliko moshi.

Ikiwa karatasi imekuwa nyeusi lakini haijageuka unga, isichukuliwe kuwa imekufa. Maandishi ya kalamu na ya penseli mara nyingi husomeka juu ya karatasi iliyoungua yakiangaliwa kwa mwanga unaotoka ubavuni. Kosa ni kuikunjua. Inatakiwa kupitishiwa chini yake kipande cha kadibodi au bati jembamba, kuinuliwa kama inavyoinuliwa chapati, na kulazwa ndani ya boksi bapa lenye pamba au kitambaa laini chini. Kisha ipigwe picha kwa simu mara nyingi, kutoka pembe mbalimbali, kabla haijasafirishwa kokote. Hata picha mbaya ya mkataba uliokuwepo siku ya pili baada ya moto ina thamani kuliko maelezo ya mdomo miaka mitano baadaye.

Hatua inayofuata haihusu kusafisha, lakini ni sehemu ya kuokoa. Mashahidi wa mkataba wangali hai. Wakusanywe mbele ya mwenyekiti wa LC1 na majirani wa mipaka, waandike upya wanachokumbuka, watie sahihi, na ikiwezekana waape mbele ya kamishna wa viapo. Nakala zitawanywe katika nyumba tofauti. Shughuli hii ifanyike mwezi huo huo, wakati kila mtu angali na huruma. Muuzaji anayekumbuka vizuri leo aweza kufariki, na wanawe wasikumbuke hivyo.

Karatasi zilizolowa maji ya kuzimia moto zina tatizo tofauti. Hazijaungua, ila ukungu huanza kuzishika ndani ya siku mbili. Zisianikwe kwenye jua kali, ambalo huzikunja na kufifisha wino, wala zisipigwe pasi. Zitandazwe kivulini penye upepo, juu ya kitambaa safi, na zile zilizogandamana ziachwe zipunguze maji kwanza kabla ya kutenganishwa. Kitabu husimamishwa wima kikiwa kimefunguka kidogo. Vyeti vilivyofunikwa kwa plastiki na kuyeyuka pembeni viachwe kama vilivyo: kuibandua plastiki ni kung'oa maandishi.

Picha za zamani zilizochapishwa studio ni kinyume. Zilizoshikana kwa maji zikiachwa zikauke hivyo hivyo hazitaachana tena. Hutiwa kwenye beseni la maji safi baridi, huachwa zilegee, hutenganishwa polepole na kuanikwa kivulini uso ukiwa juu, bila kufutwa. Kwa familia iliyo na picha moja tu ya bibi, beseni hilo lapaswa kutangulia beseni la nguo.

Fedha zilizoungua zibaki katika kopo au mfuko zilimokutwa. Noti zisioshwe, zisinyooshwe, zisiunganishwe kwa utepe wa gundi. Benki Kuu ya Uganda, ambayo ina kituo Mbale, huchunguza noti zilizoharibika, na kadiri sehemu iliyobaki ya kila noti ilivyo kubwa na inayotambulika ndivyo uwezekano wa kulipwa unavyoongezeka. Kwa noti za Kenya, njia ni Benki Kuu ya Kenya, yenye tawi Kisumu. Anayepewa bei na mtu wa mtaani anayenunua noti zilizoungua afahamu kwamba mtu huyo anajua njia ya kwenda benki.

Kwa kitambulisho, mlolongo huanza na barua ya LC1 na taarifa ya polisi, kisha ofisi ya NIRA. Alama za vidole zimo katika kumbukumbu zake, kwa hiyo mtu aliyepoteza kadi bado yumo kwenye orodha. Upande wa Kenya barua hutolewa na chifu. Ugumu ni kwamba kadi ya simu iliyoungua hairudishwi bila kitambulisho, na pesa za simu zimo ndani ya namba hiyo. Pesa zenyewe hazijaungua, kwa kuwa zinakaa kwenye akaunti, si kwenye kifaa. Ndiyo maana taarifa ya polisi ichukuliwe mapema na nakala zake ziwe zaidi ya moja. Kwa vyeti vya shule, mhitimu akumbuke namba yake ya mtihani, shule na mwaka, maana bila hayo baraza la mitihani, UNEB huku na KNEC upande wa pili, haliwezi kuyatafuta matokeo yake kwa urahisi.

Chakula: sehemu ngumu kuliko zote

Hakuna ushauri unaopokewa kwa uchungu kama ule wa kutupa chakula. Familia iliyopoteza paa huangalia magunia matatu yaliyobaki kama neema, na kuambiwa kwamba mawili hayafai huonekana kama moto wa pili.

Ghala lililosimama peke yake uani, mbali na ndimi za moto, kwa kawaida lina chakula salama ikiwa nafaka ni kavu na haina harufu ya moshi. Nafaka iliyokuwa ndani ya nyumba ni habari nyingine. Magunia ya plastiki huyeyuka na kutonea juu ya punje, na moshi wa godoro, viti vya plastiki na nyaya hupenya ndani. Huo si moshi wa kuni unaokausha mahindi juu ya jiko, jambo ambalo wazee wamelifanya miaka yote bila kudhurika. Sponji ya godoro ikiungua hutoa gesi zenye sumu kali, na masizi yake ni ya mafuta na hayatoki kwa kupepeta. Unga, sukari, chumvi, karanga zilizomenywa, viazi na mihogo mibichi iliyokaa ndani ya moshi huo vizikwe. Mafuta ya kupikia na maji ya mtungini vimwagwe. Makopo yaliyovimba, kubonyea au kupoteza rangi kwa joto yasifunguliwe hata kwa kuonja.

Nafaka iliyolowa nayo inadanganya. Inaonekana safi, haina moshi, inaanikwa siku tatu na kurudishwa gunia. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Hapakuwa na moto wowote huko, ila funzo la unyevu ni lile lile. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, na ng'ombe akilishwa mahindi hayo hupitisha sehemu ya sumu katika maziwa. Nafaka iliyolowa itandazwe juu ya turubai saa ile ile, tabaka jembamba, igeuzwe mara kwa mara, na ile iliyoanza kunata, kuchipua au kunuka ukungu itengwe na kuzikwa.

Mbegu zaweza kujaribiwa, na hapa pana matumaini kidogo. Joto lisilotosha kuchoma punje latosha kuua kiini chake, wala jicho haliwezi kulitambua hilo. Mkulima ahesabu mbegu 100 za karanga, mahindi au mtama, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, akiangalie kitambaa hicho kila siku kwa wiki moja. Zikiota nyingi, apande akiongeza mbegu kidogo kila shimo. Zikiota chini ya nusu, atafute nyingine kabla ya mvua, kwa kuwa msimu uliopotea hautafidiwa na kilo za mbegu zilizookolewa.

Masizi hayapendi maji

Masizi ya moto wa nyumba ni laini, yana mafuta na yana asidi. Yakikutana na maji na mkono unaosugua, huingia ndani ya uzi wa nguo na ndani ya rangi ya ukuta, yasitoke tena. Kanuni ya kazi yote hii ni kukausha kwanza, kulowesha baadaye.

Nguo zikung'utwe nje, upande ambao upepo unaondoka, zianikwe siku nzima, kisha zipigwe taratibu kwa brashi laini kavu. Baada ya hapo zilowekwe katika maji baridi yenye sabuni ya unga, bila kusuguliwa, maji yabadilishwe hata mara tatu au nne. Kikombe cha siki au vijiko vya soda ya kuokea katika maji ya mwisho hupunguza harufu. Maji ya klorini, ambayo wengi huyaita Jik, yasichanganywe kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na watu wameumia hivyo ndani ya bafu dogo.

Kisha huja swali la pasi. Katika nyumba nyingi za Uganda nguo iliyoanikwa nje hupigwa pasi, tena pande zote, ili kuua mayai ya inzi ambaye mabuu wake huingia kwenye ngozi. Ni desturi nzuri, isipokuwa hapa: joto la pasi hukaza doa la masizi na harufu yake. Nguo inusiwe ikiwa kavu, na kama bado inanuka moshi irudi beseni kabla ya pasi kuguswa. Nguo za watoto wachanga zitangulie, zipate maji ya kwanza yaliyo safi.

Sufuria za aluminiamu ambazo hazijapinda husafishwa kwa sabuni na mchanga laini, huchemshiwa maji, na maji hayo humwagwa. Zile zilizolegea kwa moto hazirudi. Sufuria zilizopakwa ngozi nyeusi isiyogandisha, sahani za plastiki na vyombo vya enameli vilivyobanduka viachwe. Chungu cha udongo kilizaliwa motoni na hakiogopi joto, lakini mwili wake hunywa moshi. Kichemshiwe maji mara mbili, na kama maji yananuka kitumike kwa maua. Jiwe la kusagia huoshwa tu. Kinu na mwiko vilivyoungua juu juu hukwanguliwa hadi mti mweupe uonekane. Jerikani iliyopata joto, hata kama haivuji, isitumike tena kwa maji ya kunywa.

Godoro lililokaa ndani ya moshi halisafishiki. Hakuna jua litakalolitoa harufu, na anayelala juu yake hupumua masizi usiku kucha. Mtungi wa gesi uliopitiwa na moto urudishwe kwa wakala ukiwa umefungwa, usijaribiwe nyumbani. Betri ya sola iliyopasuka ina asidi na risasi. Ile ya simu iliyovimba huweza kuwaka tena baada ya siku kadhaa, hivyo ikae nje, juu ya udongo mtupu.

Mabati ya zamani

Bati hupewa kinga dhidi ya kutu na tabaka la zinki, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Bati lililogeuka rangi na kuwa kama limepakwa chokaa limepoteza kinga hiyo, na mvua mbili tatu zitalionyesha. Linafaa kwa ukuta wa choo au banda la kuku kuliko paa la chumba cha kulala. Nguzo au linta ya zege iliyogeuka rangi ya waridi imepata joto la kuidhoofisha, na fundi aigonge kwa nyundo asikilize kabla ya kupandishia chochote juu yake.

Kuta zilizobaki zifagiliwe kavu kutoka juu kwenda chini, ndipo zioshwe kwa maji ya sabuni kutoka chini kwenda juu ili michirizi isikauke juu ya sehemu chafu. Wengi huruka hatua hii na kupaka chokaa siku ya Jumamosi ili nyumba ionekane mpya kanisani Jumapili. Chokaa huficha masizi mpaka msimu wa mvua, kisha madoa ya kahawia hutokeza upya, na harufu hurudi pamoja nayo.